Mtafiti wa Mbalamwezi

Aliogopa maji. Nalitanguliza hili kwa sababu yeye alilificha miaka yote, na sisi miaka yote tulijifanya hatujui. Mtu anakaa Buhongwa, ziwa analiona kila akienda mjini, sato anakula mpaka anamung'unya kichwa, lakini akipanda kivuko cha kuja Kamanga anasimama katikati kabisa, kati ya magari, ameshikilia kioo cha gari la mtu asiyemfahamu. Akifika mwaloni kwetu, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, kabla mlango wa gari haujafungwa, keshavaa jaketi okozi. Anakaa nalo kwenye kiti cha plastiki mbele ya zahanati, kule juu, mahali ambapo maji hayakufika hata ule mwaka wa mvua nyingi. Jirani yangu mmoja alimuuliza kama hiyo ndiyo sare ya kazini kwao. Akajibu kwamba ndiyo, na hakucheka.

Tulimwita Mtafiti. Jina lake tulilijua, lilikuwa linaning'inia shingoni kwenye kitambulisho, na udaktari pia alikuwa nao, lakini madaktari tulishawaona. Daktari anakuja, anakwambia vua, vaa, meza hii, anaondoka. Huyu alikuja na maswali, akaondoka na maswali, na baada ya muda akarudi na mengine yaliyozaliwa na majibu ya yale ya kwanza. Ukimwambia hujui ndipo alipofurahi, akasogeza kiti. "Hujui nini hasa?" Kuna siku nilichoka naye nikamwambia najisikia kuumwa, nataka kwenda kulala. Akaniuliza kuumwa huko kulianza lini.

Mimi kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni, naanika, najaza magunia, navusha kwenda mjini. Na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi nameza tangu nilipofiwa na mume wangu. Hilo simfichi mtu, maana kwetu kuficha jambo ni kazi ngumu kuliko kuanika dagaa siku ya mawingu. Bahati, mdogo wangu wa tumbo moja, ni mvuvi, naye alikuwa anameza, kisha akaacha. Siwezi kueleza habari za Mtafiti nikamwacha Bahati, kwa sababu miaka yote niliyomjua yule mama nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, anirudishie mdogo wangu kwenye dawa kabla sijamzika. Mengine yote aliyotufanyia niliyashukuru huku nalisubiri hilo.

Alikuwa na swali moja lililotangulia mengine. Mnaweza kuwa mmejaa zahanati, watu wamekaa mpaka kwenye matofali, nesi anatabasamu kwa kuwa mahudhurio ni mazuri. Mtafiti anawatazama, anatikisa kichwa, anauliza, "Na ambao hawakuja?" Mwanzoni tuliona ni dharau. Sisi tumeacha kazi, tumekuja, tumekaa, halafu mgeni anawasifia wasiokuwepo kwa kuwaulizia. Nilipomwalika kwenye kipaimara cha binti yangu, nikapika pilau ya kutosha na watu wakaja, aliketi, akala, akapangusa mikono, akaniambia, "Mama Kulwa, sherehe nzuri. Na ambao hawakuja?" Nikamwambia wamebaki kwao, na pilau yao ameila yeye.

Kisukuma alikijaribu. Alishika salamu moja, mwangaluka, ile ya asubuhi, akaitumia asubuhi, mchana na jua likizama. Wazee walimwitikia vilevile, mwangaluka, saa kumi na moja jioni, nyuso zimetulia kabisa. Hakuna aliyemsahihisha. Siku moja dereva wake alinong'ona kwamba jioni watu husema mwadila. Mtafiti alikasirika, si na dereva, bali na sisi. "Mlikuwa mnaniacha tu niendelee?" Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Dakitari, wewe ni mgeni. Mgeni akisema ni asubuhi, basi ni asubuhi."

Tulicheka, lakini adabu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inatuua. Mvuvi wa dagaa hafuati wiki, anafuata mwezi. Usiku wa giza ndio wa kazi, taa zinawashwa ziwani, dagaa wanazifuata, na makundi ya wavuvi yanahamia visiwani huko mbali. Mbalamwezi ikitoka taa hazina maana, nyavu zinafuliwa, watu wanarudi majumbani. Kliniki yenyewe ilifuata kalenda ya ukutani. Nesi anakupa tarehe, na kwetu mtu mwenye koti jeupe akikupa tarehe humwambii haiwezekani. Unaipokea kadi kwa mikono miwili, unashukuru, mnaagana vizuri kabisa, halafu tarehe ikiangukia giza unakwenda zako ziwani. Ukirudi mwezi umewaka, dawa zimeisha siku nyingi na wewe umeshaitwa mtoro. Nesi hakujua kosa lake, na mvuvi hakuona kwamba kulikuwa na jambo la kumwambia.

Mtafiti naye hakulijua, licha ya kula dagaa maisha yake yote. Mara ya kwanza alipokwenda kambini kwa wavuvi alifika saa nne asubuhi. Wenyewe walikuwa wametoka majini alfajiri, kambi nzima imelala fofofo. Akachungulia kibanda cha kwanza, wanaume chali chini. Cha pili, hivyohivyo. Akarudi mbio kwa dereva kuchukua mkoba, kwa vile aliamini kambi ina mlipuko wa ugonjwa, akaanza kuwagusa vipaji vya uso mmoja mmoja. Kijana mmoja alifumbua macho akaona mama mwenye jaketi okozi amemwinamia, akadhani mtumbwi umezama na yeye ndiye anayeokolewa. Alipiga kelele mpaka kambi ikaamka. Baadaye Mtafiti alijitetea kwamba habari za uvuvi wa usiku alizijua, ila hakuwahi kuziona zimelala.

Akatuletea dawa ya tatizo, kliniki ya Jumamosi, kana kwamba dagaa nao wanafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ikafika, tukaenda sisi tuliokuwa tunakwenda siku zote. Ndipo alipoamua kukaa. Alipanga chumba kwa mjane mmoja karibu na kwangu, akakaa mwezi wote, anatembea mwaloni asubuhi na jioni, anatazama watu wanavyojaa na wanavyotoweka. Alipika mwenyewe na ugali wake ulikuwa na mabonge, tukala kwa heshima. Mwishoni akaja kwangu anahema. Kliniki, akasema, itafuata mwezi. Alisema kama mtu aliyegundua mwezi wenyewe.

Hata hapo alikosea. Kliniki ya kwanza aliiweka siku ileile wavuvi wanaporudi. Siku hiyo kuna hesabu za kumaliza na tajiri mwenye mtumbwi, na kuna nyumbani. Nilimuuliza ni mwanamume gani atakwenda kuonana na nesi kabla hajaonana na mke wake. Aliona haya, yeye mtu mzima na daktari, akaisogeza mbele. Ndipo wakaja. Walijaa mpaka nje, wanaume ambao nesi alikuwa akiwajua kwa majina tu.

Kuupatia ruhusa mpango huo kulimchukua muda na hasira nyingi. Wakubwa wa mjini hawakuupenda. Alirudi siku moja kutoka kwenye kikao, akakaa kwenye gunia langu la dagaa bila kuniomba, akasema, "Wananiambia kompyuta yao haina mwezi." Nikamuuliza sasa itakuwaje. "Itakuwa nao," akasema. Alikuwa anawapigia simu, anawafuata ofisini, anawafuata mpaka harusini. Nadhani walikubali kwa kuchoka, kama mimi nilivyokuwa nakubali maswali yake.

Usidhani alikuwa malaika. Aliwafokea manesi wanaofoka. Alituhubiria kula vizuri, naye mchana wake ni biskuti na soda ndani ya gari. Kuhusu kuwahi alisema sana, na hatukumbuki siku aliyowahi. Alisema dawa si adhabu na mgonjwa si mwanafunzi, halafu ukikosea kumjibu anakurudisha mwanzo wa swali mithili ya mwalimu wa darasa la tatu. Nikimtania hivyo ananiambia, "Niandikie malalamiko." Nami namwambia nitamwandikia kliniki ikiangukia giza.

Jambo lililotusumbua lilikuwa sababu. Kwa nini mtu mwenye ofisi yenye feni anakuja kuhangaika huku kwenye vumbi la dagaa? Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na hakika kwamba wazungu wanamlipa kwa kila kichwa. Akina mama wa kwaya walisema ameweka nadhiri. Mjane aliyempangisha alisema lazima ana mtoto aliyekufa, kwa sababu huwa hasimulii habari za kwao. Yeye alimjibu kila mmoja kile alichotaka kusikia. Mwenyekiti aliambiwa ni kazi, kwaya wakaambiwa Mungu ndiye anayejua, watoto wakaambiwa amefuata dagaa. Nilipomuuliza mimi, akaniuliza, "Wewe ungependa iwe nini?"

Bahati alikuwa na lake. Yeye alisema hana sababu yoyote, ni msomi tu anayekusanya watu kama wengine wanavyokusanya kuni. Na alikuwa na haki ya kuwa na uchungu. Kabla Mtafiti hajatujia, Bahati alirudi kutoka visiwani amechelewa tarehe, akaenda kituo kimoja cha mbali kufuata dawa. Mhudumu akamsimamisha mbele ya foleni, akamtangaza kwa sauti kwamba huyu hapa ni mtoro, wenzake wamtazame, na akamkalisha kwenye benchi la peke yake mpaka wengine wote wamalize. Mdogo wangu ni mtu wa utani na nguvu, anabeba mashine ya mtumbwi begani, lakini siku hiyo alirudi akashuka moja kwa moja mwaloni. Kadi aliitupa ziwani. Tangu hapo nikitaja dawa anatoka nje.

Mtafiti alimfuata mara nyingi. Bahati alishaujua ule woga wake, hivyo akiliona gari linashuka anaruka kwenye mtumbwi, anausukuma kidogo tu, maji ya kiunoni, anakaa hapo anafunga nyavu zisizohitaji kufungwa.

"Shikamoo daktari," anaita.

"Marahaba. Njoo tuongee, mwanangu."

"Njoo wewe huku. Maji hayana neno."

Mwaloni kote watu wanacheka. Mtafiti anasimama ukingoni na jaketi lake, anaingiza mguu mmoja mpaka kifundo, anautoa, anauingiza tena. Nilicheka hata mimi, na huku nacheka roho inaniuma, maana Bahati alishaanza kupungua, na usiku nilikuwa namsikia anakohoa. Siku moja yule mama alijikaza akafika magotini. Akamwambia kwamba kliniki sasa inafuata mwezi, hakuna atakayemwita mtoro, na dawa atapewa za kumtosha giza lote.

Bahati aliacha nyavu. "Daktari, wewe dawa hizi unazijua kwa kusoma," akasema, bila utani safari hii. "Kusimamishwa mbele za watu hukujui. Niache."

Nilitegemea amjibu, yeye asiyekosa la kusema. Badala yake alitoka majini, akaenda kukaa garini, na mlango akaufunga. Nilidhani ameudhika.

Kisha akastaafu. Tulimfanyia sherehe pale zahanati, tukampa kitenge na ndoo ya dagaa wa kukaanga, mwenyekiti akahutubia mpaka soda zikapata moto. Kliniki ya mbalamwezi ikabaki, ikazoeleka, watoto wakadhani ilikuwepo tangu enzi. Kila mtu alimsifu. Mimi nilimkasirikia, na nasema wazi. Alikuwa amewarudisha wanaume wa mwalo mzima, amekwenda zake Buhongwa kufuga kuku, na wangu amemwacha majini.

Mbalamwezi iliyopita mguu ulinivimba, nikashindwa kutembea mpaka zahanati. Bahati alinipeleka kwa bodaboda ya rafiki yake. Alinishusha, akanishika mkono mpaka kwenye benchi, halafu akarudi kukaa juu ya pikipiki kando ya ukuta, amewapa mgongo waliokaa. Shati lilikuwa linamcheza mabegani. Nilimtazama nikawaza kwamba mwakani pikipiki hiyo nitapanda na mtu mwingine.

Bodaboda nyingine ikasimama, akashuka Mtafiti. Watu tukafurahi, salamu zikaanza, huyu anauliza kuku, yule anauliza presha. Nesi wetu mpya, binti mdogo, alitoka ndani anakimbia na kiti, kwa hofu kwamba mama amekuja kukagua. "Karibu ndani, mama, karibu upite."

"Asante, mwanangu. Sijaja kazini." Akafungua mkoba, akatoa kadi. Kadi kama yangu, rangi ileile, imechakaa kwenye kona kwa miaka mingi ya kukunjwa.

Niliielewa ile kadi kabla sijataka kuielewa. Watu husafiri mbali kuchukua dawa ili wasionekane na wanaowajua. Yeye alikuwa amevuka ziwa kuja mahali pekee ambapo anajulikana na kila mtu, mpaka na mbuzi.

"Faili langu nimelihamishia hapa," akamwambia nesi. Yule binti akazidi kuchanganyikiwa, akasema basi apite tu, dawa atazipata sasa hivi, asisumbuke kukaa na watu.

"Ndivyo nilivyozoea," Mtafiti akasema. Akanigeukia mimi, ingawa sauti yake ilitosha kufika ukutani. "Mama Kulwa, uliniuliza sababu nikakuzungusha. Miaka yote niliingia ofisini kwa mwenzangu, tukanywa chai, nikatoka na dawa kwenye mkoba. Hakuna aliyeniona. Nikichelewa tarehe, na nilichelewa sana, walinipigia simu kunipa pole na kazi. Hawakuniita mtoro hata mara moja. Mvuvi anachelewa kwa sababu ya giza, anasimamishwa mbele za watu. Virusi vyake na vyangu havina tofauti. Nikimeza zile dawa zilikuwa zinanikaba."

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Ilinitoka kwa ukali. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa nampenda, vyote kwa pamoja.

"Nilishindwa. Nilikuwa nawaambia ninyi msione haya, na mimi naona haya." Alifuta uso kwa kile kitenge tulichompa. "Mdogo wako aliniambia siku ile kwamba sikujui kusimama mbele za watu. Alisema kweli. Imenichukua mpaka leo."

Hakumtazama Bahati. Sikuthubutu kumtazama hata mimi. Nikasikia tu springi za pikipiki zikilia pale mtu anapoinuka juu ya kiti chake.

Foleni ya kwetu haina namba. Ukifika unauliza wa mwisho ni nani, anajitaja, unakaa nyuma yake, na mpangilio wote uko kwenye midomo ya watu. Mtafiti aliirudisha kadi mkobani, akashusha pumzi, akauliza kama wanavyouliza wote, "Jamani, wa mwisho ni nani?"

Wa mwisho nilikuwa mimi. Nilianza kuinua mkono. Kuna mtu akanisukuma kidogo kwa nyonga, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo akitaka nafasi kwenye mkeka, akaketi kati yangu na mwisho wa benchi.

"Ni mimi," Bahati akasema.

Mtafiti akakaa nyuma yake.